Sindano ya Alhamisi

Thuwaiba aliamka na maumivu ya kiuno, na kabla hajafungua dirisha alishajua kuwa muda wake unakaribia kwisha.

Hakumwambia mtu. Jambo kama hilo mwanamke halitangazi, na sheria yenyewe imemwachia yeye. Eda ya mwanamke aliyeachwa hufuata siku zake za mwezi, na akisema imekwisha huaminiwa. Alishaziona mara mbili tangu Ridhwan amtamkie talaka. Zikija mara ya tatu, basi. Kabla ya hapo Ridhwan angeweza kumrejea kwa neno moja mbele ya mashahidi, bila ya posa wala mahari. Baada ya hapo angekuwa mwanamume wa kando kama wengine, na akimtaka ingembidi aende kwa walii. Baba yao Thuwaiba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo walii wake ni Badar, kaka yake mkubwa, na Badar hakuipenda ndoa ile tangu siku ya kwanza.

Siku mbili, pengine tatu. Kiuno chake hakikuwa na kawaida ya kumdanganya.

Nje jenereta ilikuwa ikinguruma. Ulikuwa ule mwaka kisiwa kizima kilipokaa bila ya umeme wiki baada ya wiki, watu wakarudi kwenye kandili na mishumaa, na mwenye jenereta akawa na jamaa wengi kuliko aliowajua. Badar alikuwa nayo kwa sababu ya kazi yake. Nyuma ya nyumba yao ya Bububu alikuwa na chumba cha barafu, na wachuuzi wa samaki wa njia ile walikuwa wakija kwake asubuhi na jioni. Waya mmoja ulitoka kwenye jenereta ukapita dirishani mpaka jikoni, kwenye friji ya mama yao, Bi Dalal. Ndani ya friji hiyo, kwenye rafu ya kati, karibu na mtindi, zilikaa sindano za Ridhwan.

Dawa ile haikutaka joto na haikutaka kugandishwa. Umeme ulipokatika, Thuwaiba ndiye aliyempelekea habari, kwa kupitia dada yake Ridhwan, kwamba azilete Bububu kabla hazijaharibika. Alikuwa ndani ya eda, ameachwa kwa maneno yaliyosikiwa na nyumba nzima, na bado jambo la kwanza alilolifikiria katika giza lile lilikuwa ni friji ya Ridhwan. Badar alilalamika kuwa dawa za watu zinakunywa dizeli kuliko chumba chake cha barafu. Alilalamika hivyo kila wiki, na kila wiki ule waya aliuacha palepale.

Ridhwan alikuwa dereva wa winchi bandarini Malindi. Katika ujana wake mzigo ulimwangukia, akatiwa damu, akapona, akasahau. Miaka ikapita, akaoa. Siku aliyokwenda kumtolea damu dada yake aliyekuwa akijifungua, akaambiwa damu yake haifai. Alikuwa na homa ya ini, ile ya aina ya C, ambayo hukaa mwilini kimya miaka na miaka ikilila ini na mwenyewe hana habari. Daktari wa Dar es Salaam alimwanzishia dawa ya karibu mwaka mzima, vidonge asubuhi na jioni na sindano moja kila wiki. Waliichagua Alhamisi kwa sababu Ijumaa kazi ni nusu siku.

Ugonjwa wenyewe haukuwa ukimuumiza. Dawa ndiyo iliyomuumiza. Thuwaiba alizisoma tabia zake moja moja, kama mtu anavyozisoma tabia za mgeni aliyekuja kukaa. Alijifunza kumpa panadoli kabla ya sindano, asingoje baada yake. Alijifunza kumchoma jioni, ili ule mtetemeko wa baridi umkute kitandani. Alimpa chakula kidogo kidogo na maji mengi, na madafu yakipatikana. Alimpaka mafuta ya nazi kwenye ngozi iliyokuwa ikimwasha mpaka akijikuna kwa kitana. Nywele zake zilikuwa zikibaki kwenye mto, naye akizikusanya kabla hajaamka. Damu ilimpungua hata akawa hawezi kupanda ngazi ya winchi bila ya kupumzika katikati, na wakubwa wake, kwa kumhurumia, wakamshusha wakamweka getini kugonga mihuri. Yote hayo Thuwaiba aliyaweza.

Hasira ndiyo iliyomshinda. Ridhwan aliyemwoa alikuwa mtu mpole, ukimwomba chumvi atakuletea na ndimu. Ridhwan wa dawa aliweza kunyamaza kutwa, kisha akalipuka kwa sababu ya kijiko. Siku ya siku Thuwaiba alifukiza udi kutoa harufu ya ugonjwa, kwani walikuwa na wageni wa kike. Moshi ukamwingia Ridhwan tumboni, akatapika. Alikikamata chetezo akakitupa ngazini, makaa yakatawanyika mpaka chini. Thuwaiba, kama ilivyokuwa desturi yake siku zile, hakusema neno. Aliinama akaanza kuyaokota makaa kwa koleo. Hapo ndipo Ridhwan alipotamka, mara moja tu, kwa sauti iliyofika barazani: "Nimekuacha."

Badar alikuja kumchukua dada yake kabla ya magharibi. Tangu siku hiyo msimamo wake ulikuwa mmoja: eda iishe, kila mtu ashike njia yake. Bi Dalal hakumpinga wala hakumuunga mkono. Aliuliza tu, siku moja wakichambua mchele, kama ni kweli kwamba daktari amekataza mimba muda wote wa dawa na miezi baada yake. Thuwaiba alisema ni kweli. Bi Dalal akaendelea kuchambua mchele, na swali lenyewe likabaki pale siniani baina yao.

Kila Alhamisi Ridhwan alikuja kuchukua sindano yake, akaipeleka mjini ikiwa ndani ya chupa ya chai iliyotiwa vipande vya barafu, na dada yake akamchoma. Bi Dalal alikuwa akimtolea barazani, na kikombe cha uji juu yake. Thuwaiba hukaa ndani, akisikiliza kikohozi chake.

Alhamisi hii Bi Dalal alikuwa amekwenda hitimani kwa jirani. Hodi ilipopigwa, Thuwaiba aliitikia "Karibu" kabla hajafikiri, na nje pakawa kimya.

Alijitanda vizuri, akachukua sindano kwenye friji, akatoka.

Ridhwan alisimama alipomwona, kisha akarudi nyuma kidogo, kama ilivyompasa. Kofia ilikuwa pana kichwani pake. Shati lilikuwa limemzidi mabega. Lakini macho, Thuwaiba aliyaona mara moja, yalikuwa yametulia. Ile rangi ya mtu asiyelala ilikuwa imetoka.

"Mama hayupo?"

"Kenda hitimani. Sindano yako hii."

Aliiweka juu ya baraza baina yao akasogea. Ridhwan hakuichukua.

"Leo sikuijia hiyo," alisema. "Nimekuja kukutaka radhi, Thuwaiba. Kisha nitakwenda zangu, na hizo zilizobaki mrudishieni daktari, ampe mwengine."

Thuwaiba alikaa upande wake wa baraza. Alimuuliza sindano zimemfanya nini, naye akamweleza, polepole, kama mtu anayehadithia safari. Ile ya wiki iliyopita hakuchomwa. Alimdanganya dada yake kuwa ameshachomwa na mtu wa hospitali, na vidonge akaviacha siku ileile. Mwanzoni hakuona tofauti. Kisha asubuhi moja akala mkate ukawa na ladha ya mkate. Alilala usiku mzima. Bandarini mtu alitoa mzaha getini, akasikia mtu anacheka, na ikamchukua muda kujua kuwa anayecheka ni yeye.

"Nimekuwa mtu tena," alisema. "Nikaona nije nikiwa hivi hivi, unisamehe mtu unayemjua."

"Na ini?"

"Mtu akiwa anakufa, bora afe akiwa ni yeye."

"Nani kakwambia unakufa?"

"Wewe."

Thuwaiba alimtazama. Kwa nyuma Badar alikuwa akizozana na wanunuzi, na msumeno wa barafu ukenda na kurudi.

"Hukusema kwa mdomo," Ridhwan aliendelea. "Siku ile Dar. Mie nimekaa natolewa damu, daktari akakuita kando. Nilikuoneni kwa kile kioo. Yeye anasema, weye unaitikia kwa kichwa. Ukarudi macho mekundu, ukanambia, daktari kasema dawa inafanya kazi vizuri. Kila mgonjwa huambiwa hivyo, Thuwaiba. Mie mwenyewe nilimwambia hivyo marehemu baba mpaka asubuhi aliyokufa."

"Lakini ilikuwa kweli."

"Ngoja nimalize. Tangu siku ile hukunijibu tena. Nikikutolea maneno mabaya, unasema sawa. Nikikataa chakula, unapika chengine. Dada yangu vilevile. Nyumba nzima mmekuwa malaika. Nikajua, hawa wananiaga. Wakati mwengine nilikuchokoza makusudi, nione kama utakasirika. Ungelinikasirikia hata siku moja, ningelijua bado nimo katika watu."

"Na siku ya chetezo?"

Alivua kofia, akakitazama kitambaa chake cha ndani, akaivaa tena. "Nilikutazama unaokota makaa. Nikasema, huyu ananisubiri tu. Nikaona nikufungulie mlango uende, usikae ukaja kunizika. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini nilikuwa natetemeka kwa hasira, na ningeweza kusema lolote. Sitaki kukudanganya."

Thuwaiba alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi katika wiki zile, lakini hakujiandaa kwa hilo. Alimwambia kile alichokuwa amekifungia moyoni tangu siku ile. Daktari alimwambia mambo mawili. La kwanza lilikuwa ni hilohilo alilompa, kwamba kirusi hakionekani tena katika damu, dawa imekamata, ila lazima ifike mwisho wake. La pili ni kwamba dawa hii huingia katika tabia ya mtu. Huleta hasira isiyokuwa na sababu, na huzuni nzito. Amtazame mumewe vizuri, na akimsikia anazungumza habari za kufa ampigie simu, kwani huzuni hiyo ina matibabu yake. Daktari alimwambia wazungumze wote wawili. Yeye, kwa furaha ya lile la kwanza na hofu ya hili la pili, alilia palepale, kisha akafanya kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Kwao mgonjwa hapewi habari ya kumtia wasiwasi. Wanapewa waliomzunguka, wamvumilie.

"Nilihofu ukijua utaikataa," alisema. "Nikamwambia dada yako. Nikamwambia mama. Nikawaambia wakustahamilie."

"Badar naye?"

"Badar naye."

Ridhwan alitoa sauti iliyofanana na kicheko. "Bububu nzima inajua nina nini isipokuwa mie. Usiku nilikuwa nikikaa chooni nikijiuliza, hivi ndivyo nilivyo? Nilifichwa na nini miaka yote nisijue kuwa ni mtu mbaya hivi?"

Thuwaiba alitamani kumshika mkono. Hakuwa na ruhusa hiyo. Mkono wenyewe ulikuwa palepale juu ya baraza, umekonda, kucha zimepauka, na umbali uliokuwapo haukutosha kulaza mtoto. Aliufumbata wake ndani ya kanga.

"Basi umeshajua," alisema. "Hufi. Chukua sindano yako."

Ridhwan alimwangalia kwa muda mrefu, kwa upole, na upole huo ukamtisha.

"Hivi sasa unanambia haya kwa kuwa ni kweli," aliuliza, "au kwa kuwa nimeacha dawa?"

Angeweza kuapa, lakini wagonjwa nao huapiwa. Kila alichokuwa nacho cha kumthibitishia alikuwa ameshakitumia kumfichia. Kiunoni maumivu yakapita taratibu, yakimkumbusha siku zilizobaki.

Badar alitokea kwenye pembe ya nyumba, aproni ya mpira kifuani, mikono imeloa. Aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama sindano.

"Mbona hiyo iko juani?" alisema. "Mie nawasha jenereta kutwa, nyie mnaianika kama dagaa?"

"Badar," Thuwaiba alisema, "mwambie alilosema daktari. Mie haniamini."

"Haamini nini?"

"Anadhani anakufa. Ameacha dawa."

Badar alijifuta mikono kwenye mapaja, mmoja mmoja. Alikuwa mtu mzito, hana haraka, na hakuwahi kumkaribisha Ridhwan ndani ya nyumba ile kwa moyo mkunjufu hata siku ya harusi. Alikwenda akasimama mbele yake.

"Nisikilize, bwana. Mie sikutaki. Sikukutaka ulipokuja kuposa, na ulipomtolea dada yangu maneno yale mbele za watu ndio kabisa. Yupo jamaa yetu Maskati anauliza eda inakwisha lini. Sasa kwangu mie, ungekuwa unakufa, mambo yote yangekuwa mepesi. Ningekwambia hapa hapa, na sanda ningekununulia mie, nzuri. Unanifahamu?"

"Nnakufahamu."

"Basi hufi. Huyu alirudi Dar akanambia kile kidudu hakionekani tena, akalia mpaka mama akadhani kuna msiba. Nikachukia, wallahi. Nikasema, atatukaa huyu mpaka uzee." Alikiinua kidole kuelekea kwenye mngurumo wa jenereta. "Unafikiri dizeli yote ile naipa maiti?"

Ridhwan alikuwa akiutazama uso wa Badar, na Thuwaiba aliona anavyoutafuta ule upole aliozoea kuuona katika kila uso tangu siku ile ya Dar, naye haupati. Miezi yote ile Badar ndiye mtu pekee ambaye hakumfanyia wema. Kidogo kidogo mabega ya Ridhwan yakashuka. Aliukunja uso, akauficha kwa kofia yake, na akalia bila ya sauti, kama wanavyolia wanaume wa mjini wakikumbuka kuwa wako barazani.

Badar aliona haya. Aliichukua sindano akanung'unika kuwa anairudisha kwenye friji kabla haijapikika, akaingia ndani.

Walibaki wawili. Thuwaiba alijua kuwa kaka yake hatachelewa.

"Nikuulize," alisema. "Yale maneno. Ilikuwa dawa, au ilikuwa wewe?"

Ridhwan alijipangusa uso.

"Sote wawili," alisema mwishowe. "Moto ulikuwa wa dawa. Mdomo ulikuwa wangu."

Kama angelisema ilikuwa dawa peke yake, Thuwaiba angelinyanyuka akafunga mlango, na hakuwa na shaka na hilo. Alhamisi zilizobaki zilikuwa nyingi, na hakutaka kukaa nazo pamoja na mtu ambaye kila jambo atalisukumia kwenye chupa ya vidonge.

"Basi nami nikwambie langu," alisema, na hapa akainamisha macho kwa sababu ni neno ambalo hakuwahi kumtajia mwanamume mchana. "Eda yangu imebaki siku mbili tatu. Aliyekuwa akijua ni mimi peke yangu. Sasa wajua na wewe."

Aliona pumzi inavyomkatika.

"Dawa imebaki miezi," Ridhwan alisema. "Nikianza tena nitakuwa yuleyule. Talaka ni tatu, na moja nshaitupa. Nikiisema tena?"

"Hutoisema."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu safari hii sitokunyamazia." Sauti yake ilikuwa imerudi, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Ukiniudhi nitakwambia umeniudhi, sindano au si sindano. Ukitupa kitu utakiokota kwa mkono wako. Chakula ukikikataa kitalala. Ukiona neno lile linakupanda, mlango upo, toka, uje ukae humu kwenye barafu ya Badar mpaka upoe. Na daktari akizungumza, tutamsikiliza pamoja. Iko dawa ya ile huzuni, na utaitaka mwenyewe kwa mdomo wako."

"Na nisipokuwa mzuri?"

"Hutokuwa mzuri. Nami sitokuwa mzuri. Nimechoka kuwa mzuri, Ridhwan. Umeniacha kwa uzuri wangu."

Badar alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua tangu lini.

Ridhwan aliinuka. Alimwambia shemegi yake, kwa adabu, kwamba anataka kumrejea mkewe, na anataka mashahidi wawili, na kama Badar hatokuwa radhi kuwa mmoja wao atakwenda kuwatafuta msikitini.

Thuwaiba aliutazama uso wa kaka yake. Badar hakuwa na uwezo wa kukataza, lakini angeweza kuchelewesha. Angeweza kusema mama arudi kwanza, au kesho baada ya sala, au wamngoje ami yao wa mjini, na kwa maneno ya heshima kama hayo siku zingeyeyuka. Badar alikuwa akijifuta mikono ambayo ilishakauka.

"Wewe unataka?" alimuuliza Thuwaiba.

Katika mambo yote yaliyopita, tangu chetezo mpaka leo, hapana aliyemuuliza hivyo. Aliyemwacha hakumuuliza, aliyekuja kumchukua hakumuuliza, na jamaa wa Maskati alikuwa akimuuliza Badar.

"Nataka."

Badar alivuta pumzi. "Haya," alisema, kisha akageuka akaita kwa sauti ya kazini. "Mmanga. Njoo huku mara moja."

Mchuuzi mmoja wa samaki alitokea nyuma ya nyumba, kipande cha barafu kimefungwa guniani begani pake, maji yakimtiririka mgongoni. Aliwasalimu wote, akauliza anaweza kuuweka mzigo chini. Badar alimwambia ni jambo fupi, asimame asikilize tu.

Ridhwan alivaa kofia yake vizuri.

"Shuhudieni," alisema, "nimemrejea mke wangu Thuwaiba binti Zahran katika nikahi yangu."

Mmanga aliwatazama mmoja mmoja, maji yakimdondoka kiwikoni. Alisema Alhamdulillahi, akawaombea kheri na mapenzi, kisha akauliza kama kwa habari njema kama hii barafu ya leo haiwi ya bure. Badar alimwambia haiwi.

Kabla ya magharibi walimpigia daktari, simu ikiwa katikati ya meza na wote wawili wameinama juu yake. Ridhwan alisema mwenyewe kuwa aliacha, na kwa nini. Daktari alimkaripia, na Thuwaiba hakuingilia kati kumtetea. Aliambiwa arudie vidonge leo na sindano leo, na wiki ijayo waende Dar watazame damu. Kuhusu ile huzuni daktari aliuliza maswali mengi, mengine ya kuona haya, na Ridhwan aliyajibu yote mkewe akisikia. Kufika hapo Bi Dalal alikuwa amerudi. Alielezwa na Badar kwa maneno machache, akasema lake ni dua tu, akaenda kukoroga uji. Aliukoroga mwingi.

Thuwaiba alimpa panadoli, wakangoja. Kisha akafunga mlango wa chumba, akaitoa sindano kwenye kisanduku chake na kuishika kiganjani kidogo ipungue ubaridi. Ridhwan alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alipomfunulia shati, Thuwaiba alisita. Mbavu zilikuwa zimetokeza kuliko alivyoziacha. Alimwekea kiganja tumboni, na wote wawili wakanyamaza, kwani ngozi yake ilikuwa ileile, na hawakuwa wamegusana tangu alipoondoka mjini.

"Polepole," Ridhwan alisema. "Dada alikuwa akichoma kwa pembeni."

Zamani angelisema pole, mume wangu. Lilikuja mdomoni, akalirudisha.

"Basi mrudie dada yako," alisema. "Au kaa kitako uniache nifanye kazi yangu. Na utoe mkono wako hapo, unanizibia mwangaza."

Ridhwan alimtazama kwa mshangao. Kisha kicheko kikaanza, mbali sana ndani yake, kikapanda polepole, mpaka tumbo lote likawa linatikisika chini ya kiganja chake, na Thuwaiba akabaki ameshika sindano hewani, akingoja litulie ndipo amchome.